Tulipiga Sufuria, Batu Bakakuja na Beseni

Hapana, Nadege, usiniandikie tena eti "si ungenyamaza tu". Mutafsiri ananyamaza namna gani? Mutafsiri akinyamaza, anakuwa mutu ya kawaida tu mwenye anakaa karibu na muzungu. Kazi ni kufungua kinywa. Na leo kufungua nilifungua vizuri sana. Ni kufunga njo kulinishinda.

Na wewe Mado, uko Kilwa, ile kisiwa ya ziwa yetu hapa, maji pande zote, nani alikuambia? Mimi nilikuwa sijafika hata nyumbani, sijanawa miguu, habari yangu ilishapanda mutumbwi ikafika kwenu! Tena imefika imeharibika. Sikusema "kiboko". Ile neno haikutoka mu kinywa yangu hata mara moja. Acheni niwaambie mwenyewe, juu naona mupaka kesho batu bataongeza na mamba.

Basi. Leo nimekula aibu mpaka nikashiba.

Munajua yule mugeni, Madame Pilar. Mama muzungu ya Espanya, mwenye alikuja kusaidia shirika ya bamama ba samaki hapa Nchelenge. Muzuri, anacheka na kila mutu, anakula bukari, ile ugali yetu, na mukono. Kingereza anajua. Lakini akianza kusema mambo ya bakubwa na siasa, roho inamupanda, na pale Kingereza haimutoshe. Anakimbilia Kihispania yake, anatoa maneno, kisha anayavunja kipande kwa kipande mu Kingereza. Mimi naokota ile vipande, naiweka mu Swahili. Kwa hiyo neno inatoka Espanya, inapita kwa Bangereza, inafika hapa ziwani imechoka, haina viatu.

Anabaki hapa mpaka mvua ianze, na anatafuta mutafsiri. Ile kazi, bandugu, naitaka. Siwadanganye. Tangu nimalize Grade 12 kazi yangu ni kugeuza chisense, dagaa ya hapa ziwani, kwenye jua na shangazi yangu, Tantine. Nanuka samaki mpaka ndani ya mawazo. Kanisani batu banasogea kidogo kwenye benchi, eti wananipatia nafasi. (Nafasi gani? Mimi niko mwembamba.)

Mapatano ilikuwa hivi: asubuhi natafsiri mimi, mchana anatafsiri Papa Fidele, kisha bamama benyewe banachagua. Papa Fidele ni shemeji ya Prezida ya shirika. Munamujua kutoka kanisa. Mchungaji anahubiri mpaka shati inalowa, anaruka, analia, anapangusa jasho, na Papa Fidele anageukia batu: "Anasema Mungu iko." Njo vile tu! Mimi nilikuwa nasema waziwazi, mbele ya kila mutu, kwamba ile ni wizi. Mimi natafsiri neno kwa neno. Hakuna kitu inapotea kwangu. (Mukumbuke ile sentensi. Itarudi.)

Tukiwa njiani, Madame akaniuliza namna gani Prezida alipata kiti yake. Nikamwambia: Prezida ya zamani alipohama, alisimama, akamuonyesha huyu ya sasa na kidole, ikaisha. Madame akacheka. "A dedo!" Akaniambia kwao wanasema vile, mutu kuwekwa na kidole, hakuna kura, hakuna kuulizana. Nikafikiri mu Swahili nitasema nini. Nikakosa. Nikasema haidhuru, haitatumika.

Tukafika kwenye hangari ya samaki, ile banda kubwa pembeni ya maji. Bamama ba kwetu, bakimbizi ba kambini, bamekaa upande moja. Bamama ba hapa ziwani upande ingine. Katikati moto, na sufuria za bukari zimepangwa, juu kisha mukutano tulikuwa tukule. Mbele kabisa amekaa Prezida ndani ya koti ya manyoya. Na ile joto! Samaki wenyewe walikuwa wanatafuta kivuli.

Madame akasimama, akaanza. Akasema kwao kuna bakubwa ba siasa wenye wanabadilisha koti.

Neno kwa neno! Nikasema kwa sauti: "Anasema kwabo kuko bakubwa banageuza koti."

Hangari yote ikamuangalia Prezida. Koti ilikuwa moja tu pale. Prezida akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Akaona pengine ni heshima ya kwabo bageni. Akasimama. Akavua koti, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena! Ile upande ya ndani ilikuwa na kiraka ya kitenge ya bibi yake, maua mekundu, kubwa kama sahani. Bamama bakapiga makofi.

"Why is he doing that?" Madame akaniuliza.

Nikamujibu anakubaliana naye. Na sikudanganya: kwao kubadilisha koti ni kuhama upande. Ule mwaka bamama na benye magari baligombania hii hangari, Prezida asubuhi alikuwa na bamama, jioni alikuwa na benye magari ya samaki, na kesho yake alikuwa na kiti. Koti yake imezoea.

Tukaendelea. Madame akasema tena: kwao, kama hauna prize, ile ya kuchomeka waya ya umeme, haupati kazi hata uwe na akili namna gani. Nikatafsiri vile vile, prize na waya na yote. Eh! Bamama bakalipuka.

"Hata huku!"

"Si njo vile! Mimi telefone yangu imekufa tangu juzi!"

"Kama haumusalimie bibi yake, hauchaji!"

Juu hapa prize iko kwa Prezida tu, kwenye solar yake, na rafiki zake banachaji mbele. Madame alikuwa anaongea juu ya kazi ya serikali, kwao prize ni kujuana na mukubwa. Bamama balikuwa banaongea juu ya telefone. Wote wanatikisa kichwa, wote wamekasirika, wote wanasikilizana kabisa! Madame akaniambia hajawahi kuona batu kuelewa haraka vile. Mimi nikavimba. Nilijiona tayari nimekaa mu gari yake, kiti ya mbele, kioo imeshushwa, mukono iko nje.

Kule nyuma Papa Fidele akakohoa. "Mutoto, wewe hautafsiri. Unamwaga."

"Papa Fidele, zamu yenu ni mchana."

Bamama bakacheka. Nikapenda vile bamecheka. (Ibilisi anaingia kwa mutu kupitia makofi, nimejua leo.)

Sasa Madame akauliza: kama Prezida hasikilize, bamama munafanya nini? Nikatafsiri. Nani atajibu, na mwenyewe amekaa pale na maua yake ya kitenge? Bamama bakaangalia miguu yabo. Madame akaona. Akasema basi, atasema kwao wanafanya nini, na akatoa neno ndefu kama treni, cacerolada. Akanieleza: bamama kwao wakichoka na bakubwa, wanachukua sufuria, wanasimama kwenye madirisha na kwenye milango, wanapiga. Hawasemi neno. Wanapiga tu, mji muzima, mpaka ule mukubwa anakosa usingizi. Kisha macho ikamuwaka, akasema: tujaribu! Kidogo tu, tusikie inalia namna gani.

Nilikuwa na haraka. Ile maelezo ilikuwa ndefu, na mimi nilishaona mwisho yake. Nikaruka madirisha, nikaruka usingizi ya mukubwa, nikafika kwenye kazi: "Anasema tuchukue sufuria, tupige. Bote!"

Bamama ba kwetu bakasimama mara moja. Sisi kambini tunalima mihogo mbali na maji, sufuria ni sufuria, piga upendavyo. Lakini bamama ba ziwani hawakusimama. Bakaangaliana. Bamayo Chola, mama mwenye amezaliwa pale pale pembeni ya maji na anauza mbele kuliko bote, akainua mukono.

"Mwana, uambie mugeni, mukwai, tafadhali, huku sufuria haipigwi..."

"Bamayo, mungoje kidogo, Madame hajamaliza."

"Nimengoja. Nilikuwa nasema tu, huku kama mutu anapiga..."

"Bamayo! Kila mutu atapata zamu."

Madame akaniuliza yule mama anasema nini. Na mimi, mutafsiri ya neno kwa neno, mimi mwenye hakuna kitu inapotea kwangu, nikamujibu nini? Nikamujibu: "She is happy."

Bamayo Chola akaniangalia. Ile kuangalia ya mama mwenye anaona mutoto anaenda kushika moto na ameshamwambia. Kisha akamwaga maji yaliyokuwa mu sufuria yake, akaigeuza chini juu, akachukua mwiko.

"Sawa. Nipige polepole ao kwa nguvu?"

"Na roho yote, bamayo!"

Akapiga na roho yote. Bamama ba ziwani bakaona yeye amepiga, nabo bakapiga. Ba kwetu bakapiga. Mimi nikachukua sufuria ya Tantine, ile nilileta ya bukari, na mufuniko yake, nikapiga mpaka ikapata shimo. Sauti ikatoka hangarini, ikapanda juu ya maji, ikaenda pembeni yote ya ziwa. Ilikuwa muzuri, nawaambia kweli. Nikasema moyoni: hii njo kazi yangu.

Kitu ya kwanza kufika ilikuwa imbwa. Nyingi, na hazikuwa na mchezo.

Kisha akafika bwana moja kutoka kwa kinyozi, kichwa nusu imenyolewa, nusu msitu, kitambaa ingali kwenye shingo, shoka kwenye mukono. Nyuma yake bavuvi na kafi. Nyuma ya bavuvi, banaume na mikuki. Batu bakatoka mu maji, mu soko, mu nyumba ya maombi. Na bamama, yo! Bamama mbio na beseni. Beseni za plastiki, beseni za chuma, moja alikuja na bafu ya kuogeshea mutoto. Moja alikuja ameshabeba chumvi! Chumvi, bandugu! Nyama haijaonekana, yeye ameshafika kwenye kupika.

"Fubu! Fubu iko wapi?"

Fubu ni kiboko mu Kibemba. Njo pale nilijua ile kitu Bamayo Chola alikuwa anataka kusema. Ziwani hapa sufuria haipigwi kwa mchezo, hata kwa arusi haipigwi. Inapigwa siku moja tu: kiboko akitoka mu maji na kuingia mu mashamba ao mu nyavu. Bamama banapiga, na kila mutu anaacha kazi yake, hata akiwa anakula, hata akiwa anazika, anakuja kufukuza. Na kama ile siku kiboko inakufa, nyama ni ya kila mutu mwenye beseni.

Tulikuwa tumeita ziwa muzima.

"Iko wapi?" Muzee na mukuki akasimama mbele yangu. Anahema. Nyuma yake batu wanaendelea kufika tu. Mimi nikageuka nimutafute Prezida, yeye njo mukubwa ya pale, aseme kitu. Kiti yake ilikuwa tupu. Prezida alikuwa juu ya friza mbovu ya samaki, amesimama, koti ndani nje, anashikilia mbao ya paa. Yeye aliposikia "fubu" hakuuliza fubu iko wapi. Papa Fidele alikuwa anajaribu kupanda nyuma yake, Prezida anamusukuma na muguu.

Na Madame? Madame alikuwa analia! Machozi ya furaha! Anashika mashavu yake, anaangalia ile batu yote, mashoka, kafi, beseni. Akasema hajawahi kuona kitu kama hii. Kwao batu wangefungua dirisha na kufunga tena. Huku banaume wameacha kazi zabo, wamekimbia, kukuja kusimama na bamama! Akapanda juu ya kisanduku. Akafungua mikono. Akaniambia: tafsiri.

Nadege, pale njo ningenyamaza. Pale, ndiyo, uko na haki. Lakini kinywa yangu ilikuwa imeshazoea.

"Anasema... anasema asante kwa kukuja kwa wingi."

"Kukuja kufanya nini?" muzee ya mukuki akauliza.

"Kusaidia bamama."

"Bamama banasumbuliwa na kiboko?"

"Hapana, tata, muzee wangu."

"Na nini basi?"

Nikaangalia Madame. Nikaangalia Bamayo Chola, na yeye alikuwa anaangalia mwiko yake tu, hana haraka. Nikasema polepole: "Na Prezida."

Batu bote, hata imbwa, bakageuza kichwa, bakamuangalia Prezida kule juu ya friza, na maua yake mekundu. Muzee akamupima kuanzia kichwa mpaka viatu, vile mutu anapima kitu ya kuuza.

"Huyu?" akasema. "Nimeacha nyavu yangu mu maji juu ya huyu?"

Yule mama ya chumvi akauliza, na hakuwa anachekesha, alikuwa anataka kujua kweli: "Sasa nyama hakuna kabisa?"

Pale njo bakaanza kucheka. Hakukuwa kucheka kwa kufurahi. Ilikuwa ile ya mutu mwenye amekimbia bure. Bwana ya kinyozi akanionyesha upande ya kichwa yake, eti kinyozi naye amefunga amekuja hapa, sasa nani atamalizia, wewe? Moja akapita na kuacha maneno: "Mutoto ya masomo, siku ingine uite na samaki mukononi." Bakarudi kwa makundi. Kila kundi ilipofika mbali kidogo, moja anapiga beseni yake, pa! pa! na wengine wanaitika "Fubuuu!"

Prezida akashuka. Akapangusa koti. Akakumbuka kwamba yeye ni mukubwa. "Hii ni aibu kwa shirika," akasema. "Mutafsiri ya Madame, kuanzia leo..." Akainua mukono, akanyosha kidole, kidole ikapita juu yangu, ikapita juu ya bamama bote, ikaenda kusimama kwa Papa Fidele, mwenye hakuwa ametafsiri hata neno moja, na alikuwa angali anatoa magamba ya samaki kwenye suruali.

"Huyu."

Bamama bakanung'unika. Bamayo Chola akasema, "Si tulisema sisi tunachagua?" Prezida hakusikia. Masikio yake inafanya kazi na solar, nafikiri.

Madame akanigeukia. Hakuelewa. Akauliza mu Kingereza Papa Fidele amechaguliwa namna gani.

Sikutafsiri kitu. Nikamuonyesha tu ile kidole, ingali juu.

"Ah," akasema. "A dedo."

"A dedo," nikasema.

Neno moja siku yote, moja tu, ilifika muzima, na viatu vyake.

Nikangoja aseme kitu. Ningesema uongo nikisema sikungoja. Yeye mwenye machozi, mwenye kisanduku, mwenye bamama ba kwao banapiga mpaka mukubwa anakosa usingizi. Madame akavaa miwani yake ya jua. Akasema anaheshimu uamuzi wa viongozi ba hapa.

Nikabatafsiria bamama. Neno kwa neno.

"Iyo, hapana," Bamayo Chola akasema. "Na sufuria tulipiga juu ya nini?"

Nikabeba sufuria ya Tantine, nikaondoka.

Kurudi nyumbani ilikuwa kama kupita mu harusi ya adui. Kila mulango pa! pa! pa! Tantine alinipokea na macho kwenye sufuria yake, ile shimo. Akanipatia chisense nigeuze. Nikageuza.

Jioni akakuja Bamayo Chola. Nikasimama, nikapiga magoti, nikamuomba musamaha juu nilimukata maneno mbele ya batu. Akasema keti, mwana. Akakaa. Akaangalia samaki yetu, akasema tumeweka chumvi mingi. Kisha:

"Sasa uniambie vizuri. Ule mugeni alikuwa anataka kusema nini na sufuria?"

Nikamueleza. Polepole, hakuna haraka tena, kazi imeshaenda. Nikamwambia mukubwa mwenye hasikie. Nikamwambia bamama kwenye milango, hakuna kusema, hakuna kutukana, kupiga tu, mpaka ule mukubwa anasikia ile kitu hataki kusikia. Haikuwa neno kwa neno. Nilitumia hata mikono.

Bamayo Chola akageuza samaki moja ya karibu. "Mbona hukusema vile asubuhi? Hiyo tunaelewa."

"Nilikuwa nataka kazi, bamayo."

"Ulikuwa unataka makofi," akasema, na akacheka, na mimi nikacheka, juu ningefanya nini? Kisha akachukua sufuria ya Tantine, akaigonga na kidole, akasikiliza. Akasema shimo hainyime sauti kutoka. Akasema bamama ba upande yake bameshaongea juu ya ile kidole ya Prezida. Banakosa mutu tu ya kuongea na ba upande yetu, mwenye anajua lugha yote mbili, Swahili na Kibemba, na hana kazi.

Huyo ni mimi.

Kwa hiyo muache kunitumia ile picha za kiboko. Nadege, zima. Mado, kama unataka kucheka, panda mutumbwi ukuje ucheke hapa, na ubebe mufuniko. Kesho asubuhi na mapema tunakuwa kwenye mulango ya Prezida, ba kwetu na ba ziwani, sufuria mukononi. Lakini mbele ya ile, jua ingali chini, mimi napita pembeni yote ya maji, nyumba kwa nyumba, nasimama kwa kila mulango, nasema polepole na kwa lugha yote mbili: mukisikia sufuria, mukuje, ila beseni muache nyumbani. Hakuna nyama. Ni Prezida tu.

Yule mama ya chumvi nitamwambia mara mbili.